Waziri amekataa rufaa ya kibali cha kazi: Mahakama Kuu inaweza kukusaidia wapi?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Nina karakana ya injini za boti hapa Kibirizi, Kigoma. Kwa miaka miwili fundi wangu mkuu alikuwa kijana raia wa Burundi, mwenye kibali halali cha kazi. Tulipoomba aongezewe muda, Kamishna wa Kazi alikataa. Nikakata rufaa kwa Waziri. Barua ya majibu ya tarehe 3 Machi ina mistari miwili tu: rufaa imepitiwa na kuonekana haina msingi, na uamuzi huo ni wa mwisho. Ilinifikia tarehe 19 Machi. Jirani yangu ananiambia niende Mahakama Kuu, jaji ataamuru kijana apewe kibali. Afisa mmoja akaniambia uamuzi wa Waziri haugusiki na mahakama yoyote. Nani mkweli? Na kesi ikifunguliwa, fundi anaweza kuendelea na kazi huku tukisubiri? – Mama wa karakana, Kigoma

JIBU: Dada yangu, wote wawili wamekupotosha. Afisa amekufungia mlango ulio wazi, na jirani amekuahidi kitu ambacho hakipatikani huko mahakamani. Nitaanza na afisa, kwa sababu kauli yake ndiyo inayowafanya watu wengi wa mkoa wetu kukunja barua zao na kuziweka kabatini.

Sheria inaposema uamuzi wa Waziri ni wa mwisho, maana yake ni kwamba ngazi za rufaa zimekwisha. Huna mkubwa mwingine wa kumpelekea ombi lako alisikilize upya. Lakini Mahakama Kuu ina mamlaka ya aina nyingine kabisa juu ya viongozi wa umma, nayo ni mapitio ya mahakama. Katika mapitio jaji hasikilizi rufaa. Anauliza kama huyo aliyeamua alikuwa na mamlaka, kama alifuata sheria, kama alikusikiliza, na kama alitazama yale aliyopaswa kuyatazama. Neno "mwisho" kwenye barua halimzuii jaji kuuliza maswali hayo. Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama au chombo kingine haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Waziri wa Kazi si mgeni katika mashauri ya namna hii. Amekuwa akiitwa mahakamani kujibu kwa miongo mingi.

Sasa jirani. Jaji hatampa fundi wako kibali. Hata ukishinda kwa hoja zote, hukumu haitasema "apewe kibali cha miaka miwili". Pale mwaloni Kibirizi mnunuzi wa dagaa akilalamika kuwa amepunjwa, mkaguzi wa vipimo hamwongezei dagaa. Anakagua mizani, na ikiwa mbovu anaamuru upimaji urudiwe. Jaji naye hufanya hivyo. Akiona uamuzi umefikiwa kwa njia isiyo halali anautengua, kisha shauri linarudi kwa yule yule mwenye mamlaka aliamue upya kwa kufuata sheria. Anaweza kukubali. Anaweza pia kukataa tena, safari hii akiwa na sababu nzuri. Lijue hilo kabla hujatoa hata shilingi moja ya wakili.

Kuna amri tatu ambazo Mahakama Kuu inaweza kutoa: ya kutengua uamuzi, ya kumlazimisha kiongozi atimize wajibu ambao sheria imemwekea, na ya kumzuia asifanye jambo lililo nje ya mamlaka yake. Zote zinapatikana chini ya Sura ya 310 ya sheria zetu. Usishangae ukiona jina la sheria hiyo linataja ajali zinazosababisha vifo. Ni sheria iliyokusanya mambo mengi, na hili limo. Katika shauri lako ya kwanza ndiyo ya msingi, na ya pili inaombwa pamoja nayo ili rufaa isikilizwe upya badala ya kuachwa kwenye faili. Ya tatu haikuhusu. Fidia ya wateja uliowapoteza haimo humu, kwa hiyo usiijaze kwenye maombi.

Nguvu yako iko wapi? Kwa maelezo uliyonipa, naiona kwenye ile mistari miwili.

Katika kesi ya Sanai Murumbe dhidi ya Muhere Chacha ya mwaka 1990, Mahakama ya Rufani iliorodhesha mambo yanayoweza kuufanya uamuzi utenguliwe: kuzingatia mambo yasiyostahili, kuacha yale yaliyostahili kuzingatiwa, kukosa mamlaka au kuyavuka, kufikia hitimisho ambalo hakuna mwenye mamlaka timamu angelifikia, kukiuka haki ya asili, kama ile ya kumsikiliza mtu kabla ya kumwamulia, na kukiuka sheria katika utaratibu au katika uamuzi wenyewe. Mawakili wa nchi hii wanaitaja kila wiki. Tatizo lako ni kwamba huwezi kusema Waziri aliacha kuzingatia nini wakati hajakuambia alizingatia nini. "Haina msingi" ni hitimisho tu, halielezi kilichomfikisha hapo.

Hapa ndipo kesi ya Tanzania Air Services dhidi ya Waziri wa Kazi, iliyoripotiwa mwaka 1996, inakuwa rafiki yako mkubwa. Jaji Barnabas Samatta, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu mwaka 2000, alikuwa na uamuzi wa Waziri wa Kazi uliotolewa bila sababu, na sheria ya ajira ya wakati huo haikumtaka Waziri aeleze sababu. Hata hivyo Jaji Samatta alishikilia kwamba haki inadai mamlaka za umma zitoe sababu za maamuzi yao hata pale sheria inapokuwa kimya. Naiamini hoja hii kwa moyo wote. Mwananchi asiyeambiwa sababu hawezi kujirekebisha, hawezi kukata rufaa yenye maana, wala hawezi kujua kama alitendewa haki. Afisa anayejua kwamba lazima aandike sababu husoma faili kabla ya kukataa.

Kwa hiyo kabla ya jambo lingine lolote, andika barua kwa Waziri wiki hii, kwa heshima, ukiomba sababu za uamuzi wake na nakala ya taarifa zote zilizomfikia kuhusu karakana yako. Ipeleke kwa njia itakayokupa uthibitisho wa kupokelewa. Akijibu, utajua unapigana na nini. Asipojibu, ukimya wake unaingia kwenye kiapo chako, yaani maelezo ya maandishi utakayoyaapia na kuyapeleka mahakamani. Ila barua hiyo haisimamishi muda, na usikae kuisubiri.

Nimetaja taarifa zilizomfikia kwa makusudi. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni Na. 1 ya mwaka 2015 inamtaka Kamishna ajiridhishe kwamba juhudi zote zimefanyika kumtafuta mtaalamu Mtanzania kabla ya kumruhusu mgeni. Inamtaka pia mwajiri awe na mpango wa kurithisha ujuzi, yaani nani atafundishwa na mgeni huyo na kwa muda gani, ili mgeni akiondoka kazi isilale. Mara nyingi ombi linaangukia hapa. Afisa kazi anakuja karakana, anaongea na vijana wawili watatu, anaandika kwamba hajaona anayefundishwa, na taarifa inakwenda Dodoma bila wewe kuiona. Kama ndivyo ilivyokuwa kwako, una hoja ya pili iliyo nzito: umehukumiwa kwa ushahidi ambao hukupewa nafasi ya kuujibu.

Jiulize kwa unyofu, dada yangu. Ulitangaza nafasi ile? Una nakala ya tangazo, barua uliyopeleka chuo cha VETA au kwa Wakala wa Huduma za Ajira, majina ya walioomba na sababu ya kutowachukua? Vijana waliojifunza kwa huyo Mrundi ni akina nani, na leo wanaweza kufungua injini ya dizeli ya boti ya mizigo wakaifunga ikawaka? Kama vielelezo hivi viliambatanishwa kwenye ombi lako na kwenye rufaa, wakili anaweza kusimama na kusema Waziri aliacha kuzingatia mambo ya msingi. Kama havikuwamo, jaji hataviangalia, kwa sababu anapitia kile kilichokuwa mbele ya mwamuzi siku ile. Kuviibua kiapo kikiandikwa ni kazi bure.

Usimwombe jaji aamue kama mafundi wa Kitanzania wa injini za ziwani wapo au hawapo. Atakujibu kwamba hilo ni la Kamishna na Waziri, na atakuwa sahihi. Hoja ya kwamba uamuzi haukuwa na busara hata kidogo ipo kwenye orodha ya Sanai Murumbe, lakini ndiyo ngumu kuliko zote kuishinda. Iweke mwisho.

Kwa kuwa fundi wako ni Mrundi, kuna jambo ambalo mtu wa Mwanza aliyeajiri mtaalamu kutoka Ulaya hana. Burundi iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Uhuru huo una mipaka: nchi yetu haikufungua ajira zote, ilitaja kada mahsusi kwenye jedwali la ahadi zake. Wakili wako aanze kwa kutazama kama kazi ya fundi inaingia humo. Ikiingia, atumie pia uamuzi wa Mahakama ya Afrika Mashariki ya Arusha wa mwaka 2013 katika kesi ya Samuel Mukira Mohochi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Uganda. Mohochi, wakili Mkenya, alizuiwa uwanja wa ndege wa Entebbe Aprili 2011 na kurudishwa kwao bila kuelezwa sababu. Mahakama ikaona Uganda imekiuka wajibu wake wa kimkataba, na hoja kwamba nchi ni huru kumkataa mgeni imtakaye haikuiokoa. Lile lilikuwa suala la kuingia nchini, lako ni la ajira, lakini msimamo juu ya kumpa raia wa Jumuiya utaratibu wa haki unakusaidia. Mkataba wenyewe wa Jumuiya unasema maamuzi ya Mahakama hiyo kuhusu tafsiri yake yanatangulia yale ya mahakama za nchi katika jambo la aina hiyo.

Wewe mwenyewe huwezi tena kwenda Arusha. Mkataba unatoa miezi miwili tu kufungua shauri pale, na yako imepita. Mtu mwingine anayesoma hapa, mwenye mfanyakazi kutoka Burundi au Kongo, ambayo ilijiunga mwaka 2022, aihesabu miezi hiyo miwili tangu siku anapopokea barua.

Hapa Mahakama Kuu kanuni za mwaka 2014, Tangazo la Serikali Na. 324, zinakupa miezi sita. Inahesabiwa tangu tarehe ya uamuzi, na barua kukufikia tarehe 19 usiitegemee. Barua ni ya tarehe 3 Machi, hivyo tarehe 3 Septemba iandike ukutani kwa kalamu nyekundu, na ombi lako liwe limefunguliwa wiki kadhaa kabla yake. Leo tuko katikati ya Julai. Kuna watu hufika ofisini mwezi wa saba tangu uamuzi, wakiwa na barua nzuri za kulalamikia, wametumia nusu mwaka wakifuatilia simu ya mtu fulani wizarani. Kuongezewa muda kunaombwa, lakini unatakiwa ueleze kila siku ya ucheleweshaji, na "nilikuwa naahidiwa" si sababu.

Utaratibu una hatua mbili. Kwanza unaomba ruhusa ya Mahakama ya kufungua mapitio. Ombi hili linakuwa na maelezo yanayokutambulisha wewe, nafuu unazoomba na hoja zako, pamoja na kiapo kinachobeba ukweli wa mambo. Katika hatua hii, kama Mahakama ya Rufani ilivyofafanua katika kesi ya Emma Bayo, ambayo nayo ilikuwa dhidi ya Waziri wa Kazi, jaji anatazama kama kuna hoja inayostahili kusikilizwa, kama uko ndani ya miezi sita, na kama una maslahi ya kutosha katika jambo hilo. Huhitaji kushinda kesi siku hiyo. Ruhusa ikitolewa, una siku 14 za kufungua ombi lenyewe. Siku 14 hizo zimeua mashauri mengi mazuri: watu wanasherehekea ruhusa, wakili anasafiri, na siku ya kumi na tano milango imefungwa. Ombi la pili liandaliwe kabla ya la kwanza kusikilizwa.

Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, pamoja na Waziri na Kamishna wa Kazi. Mawakili wa Serikali ni hodari wa mapingamizi ya awali. Siwalaumu, ni kazi yao, ila inaumiza kuona shauri la haki likifutwa kwa sababu ya kiapo kibovu. Tangu kesi ya Matovu ya mwaka 1966, ya Uganda lakini inayofuatwa hapa kwetu kila siku, kiapo kinatakiwa kubeba ukweli unaoujua, bila hoja za kisheria, bila maombi, bila maoni. Andika: nilituma ombi tarehe fulani, nikaambatanisha hiki, nikajibiwa hivi. Neno "kwa uonevu" liache nyumbani.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo dai kiapo chako kiandikwe kwa lugha unayoielewa na ukisome neno kwa neno kabla ya kuapa. Ningependa fundi naye awe mwombaji wa pili, maana haki inayoamuliwa ni yake pia. Kama Kiswahili chake si kizuri, asomewe kiapo kwa Kirundi na hilo lionyeshwe mwishoni mwa kiapo, pamoja na kiapo cha aliyemtafsiria. Hapa Kigoma hilo si gumu, kila mtaa una Muha anayemwelewa Mrundi. Kinachosahaulika ni kuliandika.

Kuhusu mahali: zamani mashauri ya Mahakama Kuu ya Kigoma yalikuwa chini ya masjala (ofisi ya kufungulia mashauri) ya Tabora, na watu walipanda treni usiku kucha kwenda kusikia kesi imeahirishwa. Sasa Kigoma ina masjala yake. Tarajia kuambiwa kwamba uamuzi ulifanyika Dodoma na shauri lifunguliwe huko. Kiapo kionyeshe kwamba karakana iko Kigoma, ombi lilitoka Kigoma, na madhara yanapatikana Kigoma. Na kwa kuwa jambo hili linagusa ajira, wakili aamue mapema kama anaingia kwa mamlaka ya kawaida ya Mahakama Kuu au ya Divisheni yake ya Kazi, na awe na jibu tayari.

Swali lako la mwisho ndilo ninaloliogopa zaidi: fundi kuendelea na kazi. Jibu ni hapana. Jaji anapotoa ruhusa anaweza kuagiza uamuzi unaolalamikiwa usimame kwa muda, na watu wanadhani hapo wamepona. Uamuzi wa kukataa ukisimamishwa, kibali hakizaliwi. Kile cha zamani kimekwisha, kipya hakipo. Mgeni anayefanya kazi bila kibali anatenda kosa, na mwajiri wake pia, na kosa hilo litakuwa zawadi kwa mawakili wa Serikali: watamwambia jaji kwamba mwombaji amekuja kutafuta haki akiwa anavunja sheria ile ile.

Kumbuka pia kwamba kibali cha kazi kinatoka kwa Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi kinatoka Uhamiaji. Shauri lako haligusi cha pili. Fundi akivuka mpaka wa Manyovu kwa pasi ya matembezi kuja kuwasalimia ndugu na kusaini kiapo, sawa, mradi masharti ya pasi yanaruhusu. Akikutwa karakana ameshika spana, hakuna atakayeamini kwamba anatembea. Kama ni mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu au Nduta, niambie haraka, kwa sababu njia yake inaanzia Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 na sehemu ya haya niliyoandika haimhusu.

Ningekuwa mahali pako ningefanya hivi. Ningekusanya faili lote: ombi la kwanza, la kuongeza muda, viambatanisho, stakabadhi, uamuzi wa Kamishna, rufaa, barua ya Waziri na bahasha yake. Ningempelekea wakili kabla ya mwezi huu kwisha na kumwuliza jambo moja: vielelezo vya kumtafuta Mtanzania na mpango wa kurithisha ujuzi vilikuwamo mezani kwa Waziri, ndiyo au hapana? Jibu likiwa ndiyo, fungua shauri. Kwa macho yangu unazo hoja zinazostahili kusikilizwa. Likiwa hapana, pesa ya kesi itumie kutangaza nafasi ile upya, kuwaandika vijana wawili wa hapa chini ya fundi huyo kwa mkataba na ratiba ya mafunzo, kisha tuma ombi jipya lililokamilika. Wapo watakaokuambia fanya yote mawili kwa pamoja. Inawezekana, lakini ombi jipya likikubaliwa katikati ya kesi, shauri linabaki bila kazi, na gharama za wakili zimekwisha kulipwa.

Na barua ya kuomba sababu ipeleke kwa vyovyote vile, hata kama hutakwenda mahakamani. Ombi lako linalofuata litaandikwa kwa kutegemea majibu yake.